Maziwa ya Mama Mwingine

Kumpa mtoto mchanga maziwa ya mwanamke asiyemzaa ni desturi ya kale, na sasa jambo hilo limekuwa swali la hospitali, la sheria na la dini kwa pamoja. Mama anaweza kujifungua kabla ya siku zake, maziwa yakachelewa kutoka. Anaweza kuwa amelazwa na kifafa cha mimba, hajitambui. Anaweza kuwa amefariki katika uzazi. Mtoto naye anahitaji kulishwa siku hiyohiyo. Kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2011 liliweka mpangilio ulio wazi: kwanza maziwa ya mama mzazi, yakikosekana, maziwa ya mama mwingine yaliyotolewa kwa njia salama, hayo nayo yakikosekana, ndipo litafutwe kopo la maziwa ya unga. Mpangilio huo ni mwepesi kuusoma. Kuutekeleza kwa haki ndiko kunakohitaji kufikiriwa, maana maziwa hutoka katika mwili wa mtu, humwingia mtu mwingine, na kwa jamii nyingi huacha udugu nyuma yake.

Mjini Kampala, mahali panapolionyesha swali hili kwa ukamilifu ni Kibuli. Juu ya kilima upo msikiti uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1941 na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Kandokando yake zipo shule na Hospitali ya Waislamu ya Kibuli, ambako wakunga na wauguzi hufundishwa na akina mama wa dini zote hujifungua. Kilima cha jirani ni Nsambya, ambako watawa Wafransisko chini ya Mama Kevin walianza kutibu watu mwaka 1903. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Nsambya ndiyo iliyoanzisha benki ya maziwa ya mama katika miaka hii ya karibuni. Kutoka wodi moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mtoto wa Kiislamu anaweza kulazwa Nsambya, na mama Mkatoliki anaweza kujifungua Kibuli. Kwa hiyo suala la nani anyonye maziwa ya nani haliwezi kuachiwa hospitali moja wala dini moja.

Kabla ya hoja za maadili, yafaa kueleza kwa nini maziwa haya yanatafutwa kwa juhudi kubwa hivyo. Mtoto njiti ana utumbo mchanga ambao haujamaliza kukomaa. Ugonjwa unaohofiwa zaidi katika wodi yake ni ule wa utumbo kuvimba na kuoza: tumbo hujaa na kuwa gumu, kinyesi hutoka na damu, na wengine huhitaji upasuaji au hufa. Uchunguzi wa kina uliojumlisha majaribio mengi umeonyesha kuwa watoto njiti wanaopewa maziwa ya kopo huwa katika hatari ya ugonjwa huo karibu mara mbili ya wale wanaopewa maziwa ya mama mwingine. Uchunguzi huohuo umeonyesha pia kuwa wa kopo huongezeka uzito haraka zaidi, na kwamba tofauti ya vifo vyenyewe haikuonekana dhahiri. Mambo haya yote mzazi anastahili kuambiwa, yale mazuri na yale yenye mipaka. Ila majaribio hayo mengi yalifanywa katika hospitali za nchi tajiri, ambako maji ni safi na kopo halipungui. Pale ambapo maji yanabebwa kwa jerikeni na unga wa maziwa unapunguzwa ili ufike mwisho wa mwezi, kopo huongeza hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa kilo moja, katika siku yake ya kwanza ya kulishwa, huhitaji takriban mililita 60 kwa saa 24. Muuguzi hupitisha mrija mwembamba puani hadi tumboni, huunganisha bomba la sindano lisilo na sindano yake, hulimiminia mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kisha huliinua juu kidogo ili maziwa yashuke yenyewe taratibu. Baada ya saa mbili hurudia. Mwanamke mmoja anayenyonyesha vizuri anaweza kukamua kwa mara moja kiasi kinachomtosha mtoto huyo mchana kutwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nchini Uganda, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 22 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mwaka 2016 walikuwa 27. Idadi hiyo inapungua, na kila njia ya kweli ya kuipunguza zaidi ina haki ya kusikilizwa.

Zamani jambo hili lilimalizwa nyumbani. Mama alipofariki, dada yake, shangazi au jirani mwenye mtoto wa umri uleule alimpakata yatima na kumnyonyesha. Aliyenyonyesha alijulikana, mtoto alijulikana, na ukoo mzima ulikuwa shahidi. Mambo mawili yameivunja njia hiyo. La kwanza ni mji: mama aliyehamia Kampala kutoka Mbale au Arua anajifungua akiwa mbali na dada zake, na jirani wa chumba cha pili humjua kwa sura tu. La pili ni virusi vya UKIMWI, ambavyo hupita katika maziwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kuwa asilimia 7.6 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi hivyo. Kwa sababu hiyo hata dada mwenye moyo safi kabisa hana budi kupimwa kwanza.

Pengo hilo ndilo ambalo watu wa Kampala wameanza kuliziba. Mwaka 2021 Tracy Ahumuza, baada ya kufiwa na mtoto wake mchanga, alianzisha jumuiya iitwayo ATTA Breastmilk Community, inayowaunganisha akina mama wenye maziwa ya ziada na watoto wanaoyahitaji. Jirani nchini Kenya, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani mjini Nairobi ilifungua benki yake Machi 2019. Benki ya namna hii si jambo geni duniani. Ya kwanza ilifunguliwa Vienna mwaka 1909, na leo Brazili ina zaidi ya 200. Huko Brazili chupa za vioo zenye vifuniko vya plastiki huchemshwa na kutumika tena, na katika miji kadhaa askari wa zimamoto hupita nyumba kwa nyumba kuchukua maziwa yaliyogandishwa. Nchi si lazima iwe tajiri sana ili ifanye kazi hii, lakini lazima iwe na utaratibu.

Jambo la kwanza la kimaadili ni usalama. Mwanamke anayetaka kutoa maziwa huulizwa habari za afya yake, dawa anazotumia, pombe na tumbaku, kisha damu yake hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Maziwa yake hukamuliwa kwa mikono iliyooshwa au kwa pampu safi, huwekwa katika chupa yenye jina na tarehe, na kugandishwa. Yakifika benki huyeyushwa, hupashwa joto la nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30, hupozwa haraka, na sampuli yake hupelekwa maabara kuangaliwa vijidudu. Joto hilo huua virusi vya UKIMWI. Hupunguza pia baadhi ya kinga zilizomo, na ndiyo maana maziwa ya mama mzazi, yanapopatikana, hubaki juu ya yote. Kwa mahali pasipo na mashine, ipo njia ya jikoni iliyochunguzwa hata Dar es Salaam: chupa ya kioo yenye maziwa huwekwa ndani ya sufuria ya maji, maji hupashwa mpaka yachemke kwa nguvu, na chupa huondolewa mara moja. Njia hiyo ni msaada mzuri kwa anayejua anachofanya, na haiondoi haja ya kupima damu.

Upimaji huo unaleta wajibu ambao mara nyingi husahaulika. Mwanamke aliyekuja kumsaidia mtoto wa mwenzake anaweza siku hiyo kuambiwa kuwa ana virusi. Alikuja kutoa, naye anageuka mgonjwa. Maadili yanadai aelezwe kabla ya kutolewa damu kwamba majibu yanaweza kuwa hayo, apewe ushauri wa faragha, aanzishiwe dawa siku hiyohiyo, na familia ya mtoto isiambiwe kwa nini maziwa yake hayakuchukuliwa. Tena asiambiwe aache kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Mama anayemeza dawa zake barabara hushauriwa nchini Uganda amnyonyeshe mtoto wake, kwa sababu hatari kwa mtoto huyo imeshuka sana na faida ni kubwa. Kumkatalia mwanamke kutoa maziwa kwa wengine hakumaanishi kwamba maziwa yake ni sumu kwa mwanawe. Muuguzi asiyejua kueleza tofauti hiyo anaweza kumnyima mtoto mmoja akijaribu kumlinda mwingine.

Jambo la pili ni ridhaa ya mtoaji na haki ya mtoto wake. Kanuni ya msingi ni kwamba kinachotolewa ni ziada. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke huyo ndiye mwenye haki ya kwanza, na benki yenye uangalifu humpima uzito mtoto wa mtoaji pia, ili ionekane wazi kuwa hapungukiwi. Mtoaji anaweza kuacha siku yoyote bila kuulizwa sababu. Hapa pana hali moja inayotaka huruma ya pekee. Mwanamke aliyefiwa na mtoto hujaa maziwa siku ya tatu kama kwamba mtoto yupo. Wengine huomba dawa ya kuyakausha, na wengine hupata faraja kubwa kuyatoa ili mtoto mwingine aishi. Hospitali inaweza kumwambia kwamba nafasi hiyo ipo, kwa sauti ya chini na kwa wakati unaofaa. Haiwezi kumwomba kana kwamba anadaiwa. Tofauti ya kumwarifu na kumsukuma ni ndogo katika maneno na ni kubwa sana kwa mtu aliye msibani.

Mume naye hutajwa katika mazungumzo haya, na si bure. Katika fikihi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, mume aliyesababisha maziwa hayo huwa baba wa kunyonya wa mtoto anayeyapata, na ndugu zake huwa ami na shangazi. Ni haki ajulishwe, kwa kuwa udugu huo unamgusa yeye na watoto wake. Lakini maziwa yamo katika mwili wa mwanamke, na ridhaa inayohitajika kwa kukamuliwa ni yake. Mwanamke asilazimishwe na mumewe kutoa, wala asikamuliwe kwa siri ya mumewe akaletewa ugomvi nyumbani. Mazungumzo ya wote wawili na mkunga huondoa mengi.

Jambo la tatu ni fedha. Uislamu wenyewe unaujua ujira wa kunyonyesha: Sura ya At-Talaq, aya ya 6, inawataka waume walipe wanawake wanaowanyonyeshea watoto, na Bi Halima wa Banu Saad aliyemnyonyesha Mtume Muhammad alitoka katika kabila ambalo wanawake wake walifanya kazi hiyo. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanaona hata kuuza maziwa yaliyokamuliwa kunajuzu, ingawa Hanafi wanakataza. Kwa hiyo hoja ya kupinga biashara haitegemei uharamu wa malipo. Inategemea yale yaliyokwisha kutokea. Kampuni moja ya Marekani ilinunua maziwa ya wanawake maskini wa Phnom Penh na kuyasafirisha kwenda kuuzwa Marekani, mpaka serikali ya Kambodia ilipopiga marufuku mwaka 2017. Mjini Detroit mwaka 2015 mpango wa kuwalipa akina mama weusi kwa maziwa yao uliachwa baada ya jamii kupinga, kwa kuwa akina mama haohao walikuwa na watoto wanaonyonya kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Nchini India nako, mwaka 2024, mamlaka ya usalama wa chakula iliwaonya wafanyabiashara kwamba maziwa ya mama hayaruhusiwi kuuzwa.

Sababu ya katazo ni rahisi kuiona Kibuli kama ilivyo Phnom Penh. Chupa ikiwa na bei, mwanamke wa mitaa ya Namuwongo au Katwe asiye na chakula cha jioni atashawishika kukamua ya mtoto wake, kuongeza maji, au kuficha ugonjwa. Anayeumia ni mtoto wake kwanza, kisha mtoto wa mnunuzi. Mtoaji anastahili kurudishiwa nauli, kupewa chupa, sabuni na chakula cha siku anayokuja, na kupimwa afya bila malipo. Hayo ni kumwondolea hasara. Bei ya maziwa yenyewe isiwepo, wala kwa mtoaji wala kwa mzazi anayepokea. Gharama ya mashine, umeme na maabara ibebwe na hospitali, serikali na wafadhili, kama ambavyo damu haiuzwi kwa mgonjwa.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote kwa Kibuli: udugu wa kunyonya. Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, inawataja mama waliowanyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa wanawake wasioolewa, na Hadithi za Mtume zinaeleza kuwa kunyonya kunaharamisha ndoa kama inavyoharamisha nasaba. Mtoto aliyenyonya huwa maharimu kwa mama huyo na watoto wake. Hawaoani, na wanaweza kukaa faragha kama ndugu. Udugu huu hauleti urithi wala wajibu wa matunzo. Hofu iliyopo ni kwamba mvulana na msichana waliolishwa maziwa ya mwanamke mmoja wanaweza, miaka 25 baadaye, kufunga ndoa bila kujua kwamba ni ndugu.

Wanachuoni wamegawanyika. Mwaka 1983 Shekhe Yusuf al-Qaradawi alitoa fatwa ya kuruhusu benki za maziwa, akifuata kauli kwamba kinachoharamisha ndoa ni mtoto kunyonya titi lenyewe, na kwamba shaka haijengi uharamu. Desemba 1985 Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliamua kinyume: benki hizo zisianzishwe katika nchi za Kiislamu. Lilisema kuwa majaribio ya nchi za Magharibi yameonyesha kasoro, kuwa kunyonya ni udugu kama nasaba na kuchanganya maziwa huleta mashaka, na kuwa mahusiano ya kijamii yanatosha kumpatia njiti mwanamke wa kumnyonyesha. Mwaka 2004 Baraza la Fatwa la Ulaya liliruhusu watoto njiti wapewe maziwa ya benki inapobidi. Mwishoni mwa 2019 benki iliyoandaliwa Dhaka, Bangladesh, ilisimamishwa kabla haijaanza. Mwaka 2024 benki ya Karachi, Pakistan, ilifunguliwa kwa idhini ya wanachuoni yenye masharti, kisha ikasimama baada ya idhini hiyo kuangaliwa upya. Iran, ambako Waislamu ni wa madhehebu ya Shia, ina benki zinazofanya kazi. Na Singapore, ambako benki inaendeshwa katika hospitali kubwa ya wanawake na watoto, wanachuoni wameruhusu watoto wa Kiislamu wapewe maziwa yake.

Kwa Waislamu wa Kibuli, wengi wao wakiwa Mashafi, kauli ya al-Qaradawi haitoshi peke yake. Shafi wanasema maziwa yaliyofika tumboni yanahesabiwa, yawe yamenyonywa, yamenyweshwa kwa kikombe au yamepitishwa puani. Mrija wa wodini kwa hiyo haumtoi mtoto nje ya hukumu. Lakini madhehebu hayohayo yana vipimo vinavyosaidia. Uharamu hauthibiti ila kwa kunyonya mara tano zilizo mbalimbali, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kukiwa na shaka kama mara hizo zimefika tano, uharamu haupo. Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa kwa vizazi katika madrasa za pwani ya Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba maziwa yaliyokamuliwa kwa mara moja, hata yakinyweshwa mara tano, huhesabiwa mara moja. Maana yake kwa muuguzi ni kubwa. Chupa moja ya mwanamke mmoja, iliyokamuliwa kwa mkao mmoja, inaweza kumlisha mtoto siku nzima kwa vijiko vidogovidogo bila kumfanya mwanamke huyo mama yake wa kunyonya. Mtoto akilishwa maziwa yake wiki mbili, udugu umethibiti, nao ni wa kuandikwa.

Basi yanayohitaji kujulikana ni machache: maziwa ni ya nani, yalikamuliwa mara ngapi, na alipewa nani. Benki nyingi za Marekani na baadhi ya zile za Ulaya huchanganya maziwa ya wanawake kadhaa ili virutubisho vilingane, na huficha majina yao. Desturi hiyo ilitokana na mahitaji ya huko. Hakuna ulazima wa kitabibu wa kuifuata Kampala. Maziwa ya kila mwanamke yanaweza kupashwa joto katika chupa zake, kila mtoto akapangiwa mtoaji mmoja au wawili, na familia mbili zikajulishana. Idhini ya mwanzo ya Karachi ilikuwa na masharti ya namna hiyo: majina yahifadhiwe na familia zijulishwe, maziwa yatolewe bure, na yapewe watoto waliozaliwa kabla ya wiki 34. Lilikuwamo pia sharti kwamba mtoto Mwislamu apewe ya mama Mwislamu. Sharti hilo la mwisho ni la tahadhari, kwa kuwa wanachuoni wengi wanamruhusu mwanamke wa Kikristo kumnyonyesha mtoto wa Kiislamu, na udugu wa kunyonya unathibiti pasipo kujali dini ya mnyonyeshaji. Katika mji ambamo Kibuli na Nsambya zinatazamana, kulishikilia sharti hilo kungeweza kumwacha mtoto na kopo huku friji ya jirani imejaa.

Tena Kampala ina jambo ambalo Jeddah ya 1985 haikulifikiria. Baganda huoa nje ya ukoo. Kwa kawaida kijana haoi msichana wa ukoo wa baba yake wala wa ukoo wa mama yake, na swali la ukoo huulizwa mapema, kabla mapenzi hayajakolea, kisha hutamkwa hadharani siku ya kwanjula, yaani utambulisho wa familia mbili, mbele ya wazee. Waislamu wa Kibuli wamelifanya hilo kwa vizazi na nikaha zao zikafungwa bila matatizo. Jamii iliyozoea kuuliza nani ni ndugu wa nani kabla ya harusi haishindwi kuongeza swali moja: aliwahi kupewa maziwa hospitali, na ya nani? Jibu liwe katika kadi ya chanjo ya mtoto, katika daftari la hospitali, na katika rejista ya pamoja inayotumia namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo shekhe anayefungisha ndoa anaweza kuiulizia. Lijulikane pia kwa ssenga, yaani shangazi, na kwa bibi, maana karatasi hupotea na familia hukumbuka.

Kujulikana kuna gharama yake. Mwanamke aliyetoa maziwa anaweza kuanza kuombwa karo ya shule na familia iliyopokea, au yeye akaanza kudai heshima isiyo yake. Mama mzazi anaweza kuona aibu kwamba mwenzake alimlishia mtoto. Hayo hutatuliwa kwa makubaliano ya mwanzo, mbele ya mkunga na, kwa wanaotaka, mbele ya shekhe au padri: majina yatajwe, mipaka ielezwe, na ieleweke kuwa udugu huu ni wa heshima na wa kuzuia ndoa, haudai mali. Kwa familia zisizo za Kiislamu zinazopenda kutojuana, hospitali inaweza kuzuia majina yasipite kwa pande mbili huku ikiyatunza kwenye daftari lake.

Jambo la tano ni nani apewe kwanza, kwa kuwa maziwa hayatoshi. Haki inataka watangulie waliozaliwa wadogo zaidi na wagonjwa zaidi, kisha yatima, kisha wengine. Cheo cha baba na mfuko wake visiingie. Na kabla ya mtoto yeyote kupewa ya mwingine, mama yake asaidiwe kupata ya kwake: ambebe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akamue mara nane au zaidi kwa siku hata yakitoka matone, ale, alale, na apate muuguzi asiyemkemea. Maziwa ya mtoaji ni daraja la siku chache mpaka ya mama yashuke. Benki inayosahau hilo itajikuta inashindana na mama badala ya kumsaidia. Na kampuni za maziwa ya unga, ambazo tangu mwaka 1981 zimewekewa mipaka ya matangazo na kanuni za kimataifa, zisipewe nafasi ya kufadhili wala kutia nembo yao katika chumba hicho.

Kwa hiyo kutoa maziwa kwa mtoto mhitaji ni jambo jema, na linapotimiza masharti yake halina sababu ya kumtia mzazi wa Kibuli wasiwasi wa dini wala wa afya. Masharti ni matano: mtoaji apimwe na siri yake itunzwe, akubali kwa hiari na mtoto wake asipungukiwe, maziwa yasiuzwe, kila chupa ijulikane ni ya nani na ilimfikia nani, na mwenye haja kubwa atangulie. Kati ya hayo, la nne ndilo linalosubiri kazi ya pamoja ya wakuu wa hospitali za Kibuli na Nsambya, mashekhe, na Wizara ya Afya. Wakae meza moja, waandike rejista hiyo, na waifungue. Watoto njiti wanazaliwa kila usiku katika vilima hivyo viwili, na mililita 5 za kwanza haziwezi kungoja mjadala uishe.